Wazee wameshusha ufunguo, je, wamekwisha?

Swali: Shikamoo fundi. Sisi ni wapenzi watano wa muziki wa roki hapa Lindi. Kila Jumapili jioni tunakutana Mtanda kwa mwenzetu mwenye spika kubwa. Jumapili iliyopita tulitazama video za Rolling Stones za mwaka 2024 na nyingine za Deep Purple, tukaishia kugombana. Mmoja anasema wazee wamekwisha: nyimbo zinashushwa ufunguo, nyingine hazipigwi tena, na Keith Richards wa Stones hata nyuzi za gitaa amepunguza, anapiga tano badala ya sita. Mwingine anasema bendi isiyoweza kupiga albamu yake kama ilivyo irudishe fedha za watu. Mimi nimebaki katikati. Kwa nini bendi kongwe zikiwa jukwaani hazifanani na albamu zao? Na tukitaja albamu bora ya bendi, tuhesabu za studio peke yake au hata zilizorekodiwa jukwaani? (Msomaji, Lindi)

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na nyuzi za Keith, maana hapo ugomvi unakwisha mapema. Mwenzenu amekosea kwa zaidi ya nusu karne. Ule uzi wa sita, mnene kuliko wote, Keith aliutoa mwishoni mwa miaka ya 1960, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu na vidole vyake vizima kabisa. Tano zilizobaki huzityuni sol, re, sol, si, re, kiasi kwamba hata asipobonyeza popote, gitaa tupu linalia sauti zinazopatana. Akilaza kidole kimoja juu ya nyuzi zote, kila kitu kinahama pamoja, na vidole vingine vinabaki huru kuchezea. Ule mkwaruzo wa Stones mnaoutambua kabla mwimbaji hajafungua mdomo unatoka hapo. Sisi tukiwa vijana Mtwara tulijaribu kuuiga kwa nyuzi sita, tukawa tunashangaa mbona gitaa letu linanguruma chini kama jenereta.

Sasa hoja yenyewe. Nimepiga rithim kwenye bendi za dansi huku Kusini miaka mingi kabla sijahamia nyuma ya mikisa, meza ya kuchanganyia sauti, na msimamo wangu nautoa mapema ili mpate cha kubishia Jumapili ijayo: bendi ya wazee ikisikika jukwaani sawasawa na albamu yake ya miaka hamsini iliyopita, hapo ndipo naanza kuchungulia kuna nini chini ya meza ya fundi mitambo. Iliyoshusha ufunguo, yaani inayoupiga wimbo mzima chini kidogo ya ulivyorekodiwa, naiamini zaidi.

Wahenga walisema ng'ombe hazeeki maini. Kuhusu koo hawakusema kitu. Nyuzi za sauti ni nyama laini, na kadiri umri unavyosogea hukakamaa. Kwa waimbaji wa kiume wa roki, kinachoaga kwanza ni zile sauti za juu walizokuwa wakizipigia mayowe wakiwa na miaka 25. Mzee akifika hapo, kila mmoja anaamua lake. Elton John alipasuliwa koo mwaka 1987, sauti ikatoka nzito zaidi, na nyimbo zake za zamani akawa anaziimba chini ya pale alipozirekodi. Paul McCartney, aliyezaliwa 1942, amekataa kushusha. Anaacha nyimbo zake palepale na kukubali sauti imkwaruze mbele ya watu. Ian Gillan wa Deep Purple amechukua njia ya tatu. Ule wimbo wa “Child in Time” wa mwaka 1970, wenye kupanda hadi mayowe, kwa miaka mingi sasa hawaupigi. Ndiyo maana hamkuuona kwenye video zenu. Mimi hilo silihesabu kuwa kushindwa. Kuna nyimbo zangu mwenyewe ambazo siziimbi tena hata bafuni.

Kushusha kwenyewe si jambo la kubonyeza tu. Sauti ya la ambayo bendi nyingi hutyuni nayo ni mitetemo 440 kwa sekunde. Ukishusha nusu sauti unafika kama 415. Mpiga gitaa analegeza nyuzi zote sita, vidole vyake vinabaki palepale alipozoea, ila mlio unakuwa mzito na mweusi kidogo. Mpiga kinanda cha siku hizi ana kitufe. Wanaoumia ni wa tarumbeta na saksafoni, kwa sababu chombo chao hakilegezeki kiasi hicho: wimbo ukishuka, inabidi wajifunze vidole upya.

Nilijifunza hili Masasi, msimu mmoja wa korosho, fedha zikiwa mifukoni mwa watu na ukumbi umejaa. Mwimbaji wetu, mtu mzima tuliyemheshimu sana, alinivuta pembeni: “Mdogo wangu, leo nishushieni moja, kifua hakiko sawa.” Nikawaambia wa solo na besi, wakakubali. Mpiga saksafoni alikuwa nje anakula mishikaki. Alirudi wimbo umeshaanza, akapanda jukwaani moja kwa moja, akavuta pumzi, akaingia na sentensi yake ya kwanza katika ufunguo wa zamani. Mdogo wangu, sijawahi kusikia kitu kama kile. Mama mmoja mbele kabisa aliziba masikio kwa kanga. Tangu siku ile sicheki bendi kubwa inaposhusha ufunguo, bali najiuliza wamefanya mazoezi ya wiki ngapi.

Tena kwa mtu wa Kusini hili lisingetakiwa kuwa geni. Mmeona ngoma za sindimba zinavyooteshwa moto kabla ya kupigwa, na zinavyorudishwa tena motoni usiku ukiwa mzito na ngozi imelegea kwa umande. Ngozi ikikaza, sauti inapanda, ikilegea, inashuka. Hakuna mzee wa Newala aliyewahi kusema ngoma ya usiku wa manane si ile ya jioni.

Kuna jambo jingine ambalo mwenzenu wa “irudishe fedha” hatalipenda: hata vijana hawakuwa wakiimba kama albamu. Chukueni Queen. Freddie Mercury, mtoto wa Unguja aliyezaliwa 1946, alikuwa na koo ambalo wengi wanaliweka juu ya makoo yote ya roki. Lakini sikilizeni maonyesho yake ya miaka ya 1970 na 1980: sehemu nyingi za juu kabisa alizopanda studio, jukwaani alizipitia chini, na zile za juu zaidi akamwachia mpiga drams, Roger Taylor. Alikuwa na maonyesho usiku baada ya usiku; koo la studio lina nafasi ya kurudia kesho, la jukwaani halina. Na “Bohemian Rhapsody” ya 1975, ile sehemu ya katikati yenye kwaya nzima, ilitengenezwa kwa sauti za watu watatu zilizorudiwa na kurudiwa juu ya utepe mpaka zikawa umati. Watu wanne jukwaani hawawezi kuipiga. Walifanya nini? Taa zilizimwa, bendi ikashuka jukwaani, utepe ukacheza wenyewe, kisha wakarudi mbio na magitaa kumalizia. Hawakumdanganya mtu, kila aliyekuwa ukumbini aliona jukwaa tupu. Na pale Wembley kwenye tamasha la Live Aid, tarehe 13 Julai 1985, walipopewa dakika kama ishirini tu, sehemu hiyo waliikata kabisa, wakapiga mwanzo wa wimbo na kurukia mwingine. Leo hii watu wanaoniambia “shoo bora ya roki ni ile” wanataja siku ambayo wimbo mkubwa wa bendi uliachwa nusu.

Huku kwetu tunajua kufuatisha CD ni nini. Msanii anaruka, maiki iko mbali na mdomo, sauti inaendelea kutoka. Tofauti na Queen ni kwamba huyu anataka uamini.

Halafu mjiulize: hiyo albamu mnayoipimia wazee mnaijua vizuri? Nauliza hivi kwa sababu ya mjomba wangu. Alifanya kazi bandarini Mtwara, na meli za korosho zilileta mabaharia wenye kanda. Moja ilikuwa ya Stones, nakala ya nakala ya nakala. Nilijifunzia gitaa kwa kanda ile, nikityuni nyuzi zangu mpaka zilingane nayo. Nilipokuja kuisikia santuri yenyewe miaka mingi baadaye, nilikasirika: wimbo uko chini, unaburuza, mwimbaji mvivu. Kumbe wakati wa kunakili, mashine iliyokuwa ikipiga kanda ya awali ilikuwa ikikimbia. Utepe ukienda kasi kuliko inavyotakiwa, mwendo na sauti vyote vinapanda pamoja. Utoto wangu wote nimempenda Mick Jagger aliyevuta helium, ile gesi inayofanya sauti iwe nyembamba. Na wengi wetu tuliokua na kanda za madukani za nyimbo za dansi tuna ugonjwa huohuo. Ndiyo maana bendi ya dansi ya Msondo wakipanda jukwaani utamsikia mtu mzima akilalamika kwamba wimbo umepoa.

Nije kwenye albamu, maana swali lako la pili ndilo limenikesha. Kuna gari moja ambalo mpenzi yeyote wa roki anapaswa kulijua. Stones walikuwa na lori lililofungwa mitambo ya kurekodia. Mwaka 1971 lori hilo liliegeshwa nje ya jumba la Nellcôte kusini mwa Ufaransa, ambako Keith alikuwa amepanga, nao wakashuka kwenye vyumba vya chini ya nyumba, vyenye joto na unyevu, kurekodi sehemu kubwa ya “Exile on Main St.” iliyotoka 1972. Desemba ya mwaka huohuo wa 1971 Deep Purple wakalikodi, likaenda Montreux, Uswisi. Walitarajia kurekodi kwenye kasino ya mji. Kabla hawajaanza, katika onyesho la Frank Zappa mtu mmoja kati ya watazamaji alifyatua fataki ya ishara ndani ya ukumbi, kasino ikateketea, na wimbo wao unaojulikana kuliko yote, “Smoke on the Water”, ukazaliwa na moshi ule juu ya ziwa. Wakahamia hoteli iliyokuwa tupu kwa ajili ya majira ya baridi, wakapiga kwenye korido. Hiyo ndiyo “Machine Head”.

Angalieni: albamu mbili “za studio” zinazoheshimiwa kuliko nyingi, na hakuna studio. Mojawapo imerekodiwa chini ya nyumba, nyingine koridoni, watu wakitoka jasho au wakitetemeka pamoja chumba kimoja. Ukisema nahesabu za studio peke yake, sijui mpaka wako unauchora wapi.

Wazee wa dansi wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Bendi zetu za miaka ya 1970 zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima chumba kimoja, maikrofoni chache. Ukikosea mwishoni, mnarudi mwanzo. Kiwanda cha santuri hatukuwa nacho, santuri zilitengenezwa Kenya. Na wimbo ulikuwa umeshachezwa ukumbini miezi kadhaa kabla ya kufika redioni, ukakatwa ili utoshe. Ile sehemu ya pili, chemko, ambayo redioni inakwisha ukiwa ndiyo kwanza unainuka kwenye kiti, ukumbini ilikwenda robo saa. Bendi za Dar zilipokuja huku msimu wa korosho, enzi ambazo Daraja la Mkapa halijafunguliwa na ilibidi kusubiri pantoni pale Ndundu kuvuka Rufiji, hakuna aliyekuja ukumbini kusikia dakika tano za redio. Watu walikuja kwa ajili ya chemko.

Ndiyo maana nikiulizwa albamu ya Deep Purple nasema “Made in Japan” bila kusita. Ilirekodiwa usiku wa tarehe 15, 16 na 17 Agosti 1972, Osaka na kisha Tokyo, miezi michache tu baada ya “Machine Head” kutoka. Wimbo wa “Space Truckin'” kwenye albamu ya korido una dakika nne na nusu. Kule Japani unakaribia ishirini, unajaza upande mzima wa santuri. Hiyo ni chemko, mdogo wangu, hakuna jina jingine. Sikilizeni kinanda cha Jon Lord kinavyoachwa peke yake, kinanguruma, kinarudi, na Ian Paice kwenye drams anamsubiri bila papara. Na Gillan wa usiku ule ndiye huyohuyo mnayemlaumu leo, tofauti ni miaka hamsini.

Ila msije mkadhani kila albamu yenye makofi ni ya jukwaani. Bendi ya Thin Lizzy walitoa “Live and Dangerous” mwaka 1978, na mpaka leo ugomvi haujaisha. Mtayarishaji wake, Tony Visconti, alisema sehemu kubwa sana ilirudiwa studio. Wa upande wa bendi wakapinga. Mimi naipenda albamu ile, na nikiisikiliza kwa sikio la fundi nasikia sauti za kuitikia zilizo safi mno kwa watu wanaoruka. Naipenda hivyohivyo. Maonyesho mengi yaliyouzwa kwa santuri yamepigwa viraka, na asiyejua kiraka hawezi kukilalamikia.

Pink Floyd ndio waliopita njia ya bendi zetu. Nyimbo za “The Dark Side of the Moon”, albamu ya Machi 1973, walikuwa wakizipiga mbele ya watu tangu mwanzoni mwa 1972, kabla ya kuingia studio ya Abbey Road. Jukwaa lilikuwa jiko, studio ikawa meza. Lakini walipofika mezani waliongeza mambo ambayo jukwaa lisingeweza: saa zinazolia kwa pamoja, sauti ya Clare Torry akiimba bila maneno, saksafoni ya Dick Parry. Albamu hiyo ya dakika kama 43 ilikaa kwenye orodha ya albamu ya Billboard, Marekani, kwa wiki 741 hadi mwaka 1988. Kwa bendi hii mimi ni mtu wa studio, na mwenye kunitajia rekodi yao ya jukwaani namsikiliza kwa adabu tu.

Kwa hiyo jibu linabadilika bendi kwa bendi. Angalieni uzito wa bendi uko wapi. Bendi inayobuni wakati inapiga, watu wakitazamana na kuvutana, itafuteni jukwaani. Inayojenga matofali juu ya matofali itafuteni studio. Stones? Hao ni bendi ya kutazamana, na bado albamu zao za jukwaani hazinishiki kama “Exile”. Sababu siijui vizuri zaidi ya kusema kwamba chumba kile cha chini kilikuwa na joto la Lindi mwezi wa kumi na mbili.

Kuhusu Stones wa 2024, jambo kubwa zaidi kwenye video ile naona hamkulitaja. Mpiga drams. Charlie Watts alifariki Agosti 2021, na sasa anakaa Steve Jordan. Watts alikuwa na tabia moja: kila fimbo ya kushoto ilipopiga snea, ile ngoma yenye mlio mkali, mkono wa kulia uliinuka na kuacha matoazi yanyamaze. Tafuteni video yoyote ya zamani mtaiona. Kinyamazo kile kidogo ndicho kilichofanya nyimbo zao ziyumbe kama mtu aliyekunywa kidogo lakini hajaanguka. Jordan ni fundi wa hali ya juu, anapiga kwa nguvu na kunyoosha zaidi. Mnaposema “haisikiki kama albamu”, nusu ya mnachokisikia ni hicho, na hakihusiani na uzee wa Jagger aliyekuwa na miaka 80 akikimbia jukwaa zima. Mashabiki wa Msondo na Sikinde wameuzoea mjadala huu. Mwimbaji Muhidin Gurumo alikuwa NUTA Jazz iliyoundwa 1964, ndiyo Msondo ya leo, akawa Mlimani Park, yaani Sikinde, ilipoanza 1978, akapita Safari Sound, akarudi Msondo, na alipofariki 2014 bendi ziliendelea kupiga. Jina likibaki na watu wakibadilika, pima watu waliopo.

Tena mmetazama video iliyorekodiwa na simu ya mtu, nina hakika. Maiki ya simu ikikutana na spika za uwanjani inabana kila kitu, besi inapotea, matoazi yanabaki kukaanga. Na uwanja wenyewe una tabu zake. Niliwahi kuweka mitambo Nangwanda Sijaona: ukifunga spika goli moja, aliye goli la pili, mita mia hivi, anasikia karibu theluthi ya sekunde baadaye. Anamwona mpiga drams ameshusha fimbo, mlio bado uko njiani. Bendi kubwa huweka spika nyingine katikati na kuzichelewesha kwa hesabu ili zilingane na za mbele. Simu haijui hesabu hiyo.

Nanyi wa Kusini mkishachoka na Waingereza, vukeni mpaka kidogo. Zambia ya miaka ya 1970 ilikuwa na roki yake nzito, na bendi yao iliyojulikana zaidi, WITCH, mwimbaji wake Emmanuel Chanda aliitwa Jagari kwa ajili ya Mick Jagger huyohuyo. Wenzake wengi wa awali wamefariki, yeye akawa mchimbaji wa vito, kisha uzeeni akarudi jukwaani na vijana kutoka Ulaya, wakatoa albamu ya “Zango” mwaka 2023. Ipigeni kando ya “Lazy Bones!!” ya 1975 mwone mzee aliyeshuka ufunguo anaweza kusimama wapi. Na msisahau Sunburst wa Dar es Salaam na “Ave Africa” yao ya 1976. Hiyo mkiikosa nitawaletea kwenye flashi nikipita Lindi.

Jumapili ijayo fanyeni hivi: wekeni “Space Truckin'” ya korido, kisha ya Japani, sauti kubwa, simu mbali, msizungumze mpaka iishe. Na huyo anayetaka wazee warudishe fedha, muulizeni kwanza video ile aliilipia shilingi ngapi.